Sauti Isiyotoka Nje ya Gari

Tangu nirudi, kila nikiketi pale kibandani kunywa chai mnaniuliza swali lile lile: fundi wa redio za magari alikwenda kutafuta nini katika visiwa vya Lamu, ambako magari yenyewe unayahesabu kwa vidole? Mkishauliza mnacheka, nami nacheka nanyi, halafu chai inaisha na kila mtu anakwenda zake. Nimeona niwaandikieni, maana nikisimulia kwa mdomo nikifika katikati hamu ya kusema huniishia. Habari za nauli na tikiti nimeziruka. Hizo hazina utamu kwa yeyote.

Aliyeniita ni Mwalimu Mutiso, Mkamba wa Kitui, anayefundisha hesabu Faza, kisiwa cha Pate, mwaka wa kumi na moja sasa. Alisema ana kigari kisicho na paa na redio imemshinda. Nikamuuliza shida hasa ni nini. "Nikikueleza kwa simu hutanielewa, fundi," akasema. "Njoo uone."

Sikuuliza la pili, na hapo ndipo nilipokosea. Miaka ishirini na miwili ya kazi hii sijaitwa na mteja anayetaka kitu kingine ila kishindo. Gari lisilo na paa ni chungu kisicho na kifuniko: mvuke wote unapaa. Besi haina ukuta wa kugonga na kurudi, upepo unakula sauti nyembamba, na dereva anabaki kuongeza, kuongeza, mpaka spika zinakwaruza. Dawa yake naijua. Nikapakia spika mbili kubwa za besi, kila moja ndani ya sanduku lake la mbao, amplifaya mbili, spika ndogo nne na waya wa kutosha kufunga ng'ombe.

Na niseme ukweli, ningekwenda hata kama angeniita nikabadilishe fyuzi. Mnajua mke wangu Nekesa alikwenda Kitale kumuuguza mama yake. Mama alipona, Nekesa hakurudi. Hatukugombana. Siku moja tu niligundua kwamba nimezoea kuiacha redio ikiongea nyumbani ninapotoka, ili nikirudi jioni nikute kama kuna watu.

Nakuru hadi Mombasa

Hapa sina mengi. Nilikaa karibu na kijana aliyelala kabla hatujafika Naivasha na akaamka Mombasa, akaniuliza tumefika wapi, nikamwambia, akashuka. Hayo ndiyo mazungumzo yote niliyofanya katika nusu ya nchi nzima. Mombasa nilikula mahamri na mbaazi nimesimama, huku mguu mmoja nimeukanyagisha juu ya masanduku yangu asije mtu akayapenda.

Kizuizini

Basi la kwenda Mokowe husimamishwa mara kadhaa njiani, na kule baada ya Garsen askari hawana mchezo. Watu wote chini, kila mmoja na kitambulisho chake, mizigo ifunguliwe. Ni haki yao, nchi ile imeona mambo. Lakini hebu fikirieni sura ya yule askari alipofungua sanduku langu akakuta mbao nene, waya mwekundu, waya mweusi, betri na kitu cha duara ndani.

"Mzee, hii ni nini umebeba?"

"Spika, afande."

"Spika ya nini?"

"Ya gari."

"Gari liko wapi?"

"Faza."

Akamwita mwenzake. "Anasema kuna gari Faza lisilo na paa, na anapeleka spika za disko."

Watu wa basi wakaanza kunitazama kwa jicho baya. Jua lilikuwa limekaza na mama mmoja alikuwa na mtoto mgonjwa mgongoni. Mkubwa wao akaja, akazunguka sanduku mara mbili, akasema, "Kama ni spika, ilie."

Basi nikafunga waya pale pale, kando ya barabara, katikati ya vichaka vya miiba. Nikaunganisha betri, amplifaya, simu yangu, nikabonyeza wimbo wa kwanza uliokuja. Benga ikatoka. Ndugu zangu, sijawahi kuisikia besi safi namna ile, pale pasipo na nyumba wala ukuta wowote. Mtoto mgonjwa akainua kichwa. Askari mmoja akawa anapiga chini ncha ya buti lake. Kwa dakika mbili hivi hakuna aliyekuwa na haraka, na mimi nikajiona nina watu.

"Zima," mkubwa akasema.

Nikazima. Tulipopanda, jirani yangu wa kiti akaniambia bila kugeuka, "Umetuchelewesha saa nzima." Kisha akajifunika kofia usoni hadi Mokowe.

Mokowe, na boti iliyokwama

Mokowe ndipo bara inapokwisha. Mabasi yanamwaga watu, boti zinawazoa. Wengi walivuka kwenda Amu, ndiyo Lamu mjini. Mimi nilielekezwa kwenye boti ya mizigo iliyokuwa ikienda Faza na magodoro, soda, saruji na abiria kumi hivi. Nikapakia masanduku yangu, nikatafuta pembe, nikaziba masikio kwa vile vispika vyangu vya kuvaa, nikafumba macho. Nilikuwa nimechoka na wanadamu.

Kuna mahali panaitwa Mkanda, mkondo mwembamba katikati ya mikoko, ambapo boti hupita maji yakiwa yamejaa tu. Sisi tulifika yamekwisha kupwa, maana tulimngoja mtu na friji yake. Injini ikanguruma, tope likachemka nyuma yetu, boti ikakaa.

"Mayi yamekupwa," nahodha akasema, akavua shati, akalifanya mto. "Tungoje yajae."

Tulingoja muda mrefu sana. Jua lilisimama juu yetu likagoma kuondoka. Mama mmoja wa Kipungani, aliyekuwa na mzigo wa mikeka ya kuuza, akafungua kikapu: muhogo wa kuchemsha, papa mkavu, ndimu na pilipili. Akagawa. Alianza na nahodha, akaenda kwa wazee, akaenda kwa wanawake wenzake, akamega na kumega. Kila mtu alikuwa amekwisha kula ndipo nikaona mkono wenye muhogo mbele ya uso wangu. Nikavitoa vile vispika.

"Twaa, bwana," akasema. "Twalidhani u bubu, masikini."

Boti nzima ikacheka. Nikauliza kwa nini walidhani hivyo.

"Umeingia chomboni hukutoa salamu. Sisi tumekuamkua, kila mtu na wakati wake. Wewe kimya. Tukanena, huyu ana ila, tusimsumbue."

Nikaomba radhi, nikasalimia kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho, nao wakaitikia vizuri, wakauliza habari za kwetu, za mvua, za mahindi. Muhogo ule ulikuwa mtamu kuliko chakula chochote nilichokula safarini. Lakini aibu ilinipanda mpaka masikioni. Watu kumi walikuwa wamenizungumzisha, na mimi nimekaa pale nikijihurumia kwamba hakuna wa kuzungumza naye.

Faza

Mwalimu Mutiso alikuwa akitungoja ufukweni. Ni mtu mrefu, mwembamba, mwenye tabia ya kusubiri umalize sentensi kabla hajajibu. Alipoona masanduku yanashushwa aliyahesabu kwa kidole.

"Hizo zote ni za nini, fundi?"

"Za gari lako. Ukiwasha hapa watakusikia Kizingitini."

Akafumba macho kama mtu aliyeumwa na jino. "Twende tule kwanza," akasema.

Kigari chenyewe ni jeep kuukuu la Kijapani, lililoletwa kisiwani na mkandarasi mmoja kwenye jahazi la mchanga, akaondoka akaliacha. Paa la turubai lilikwisha kuliwa na chumvi. Viti vimebaki viwili, maana sakafu ya nyuma imeoza, na ubao uliowekwa juu yake hubeba vitabu lakini haubebi mtu.

Jirani yake, Bwana Shee, mwenye duka, alituletea mikate ya mofa na samaki wa nazi, akatuachia tule. Hapo ndipo Mwalimu akanieleza.

Miezi sita nyuma, Jumamosi moja, alikuwa akirudi kutoka Siyu. Kule nyumbani kwake Kitui ana dada na binamu wanaoimba kwaya, na huwa wanamtumia nyimbo zao. Hiyo ndiyo sauti pekee ya Kikamba anayoisikia mwaka mzima. Gari likiwa wazi upepo unakula kila kitu, kwa hiyo alikuwa ameifungulia redio hadi mwisho. Hakujua kwamba alfajiri msikitini walikuwa wametangaza kifo. Akapinda kona ya kuingilia mji na kukutana uso kwa uso na wanaume wamebeba jeneza.

"Kile kitufe cha kuzimia redio kilianguka zamani," akaniambia. "Huwa nazima kwa koleo. Nikatafuta koleo. Liko chini ya kiti. Natafuta, kwaya inaimba. Watu wamesimama pembeni na maiti mabegani wanangoja nipite, kwaya inaimba. Fundi, niliona kama mwaka mzima."

Maiti alikuwa Bwana Omari, mume wa Bi Zuhura. Na huyo Bi Zuhura ni mama mtu mzima ambaye kwa miaka minne Mwalimu alikuwa akimpeleka shambani kwake kila Alhamisi. Alikuwa hamtozi kitu. Bi Zuhura alikuwa akimpa maembe na kumsema kwa nini haoi.

"Walikutukana?" nikauliza.

"Wangenitukana ningejua pa kuanzia. Nilikwenda matangani, wanaume wakanipokea, wakanipa kahawa. Lakini aliyekosewa ni yeye. Na yeye alikuwa amekaa eda."

Huenda nyinyi hamjui, nami sikujua. Mjane wa Kiislamu hukaa ndani miezi minne na siku kumi. Mwanamume asiye wa ukoo wake haingii kumwona. Mwalimu alituma salamu za pole kupitia kwa mke wa Bwana Shee, jibu likarudi kwamba zimefika, basi. Hakuweza kusimama mbele yake akasema nimekosa. Eda ilipokwisha, neno lilikuwa limekaa kinywani muda mrefu mno, akaona haya kulitoa. Bi Zuhura akaanza kwenda shambani kwa miguu na mwamvuli wake. Akipishana na gari haamkui, hatazami. Na watu wengine, bila kuambiwa, wakaacha kupanda. Wanamsalimia Mwalimu sokoni na shuleni, lakini kiti chake cha kushoto kina miezi sita hakijakaliwa.

Redio nayo hajaiwasha tangu siku ile. "Naendesha kimya," akasema, "mpaka nasikia meno yangu."

Mezani, chini ya kopo la majani ya chai, kulikuwa na fomu ya uhamisho. Mkuu wa shule aliitaka ifike ofisi ya elimu Mokowe wiki ile. "Nifanyie sauti ambayo nitaisikia mimi peke yangu, isitoke nje ya gari hata kidogo. Nikiweza kuwasikia watu wangu bila kumuudhi mtu, nabaki hapa mpaka nistaafu. Nisipoweza, fundi, naijaza ile. Mtu hawezi kukaa kimya mahali pasipo na wa kuzungumza naye."

Nilimwelewa vizuri kuliko alivyodhani. Yale masanduku makubwa tukayapeleka ukumbini shuleni, yasaidie siku ya wazazi.

Kazi yenyewe ilinichukua siku mbili, na sijui kama nimewahi kufanya nyingine iliyo nzuri kama ile. Sauti ikitoka mlangoni hujaza barabara kabla haijamfikia dereva. Dawa ni kuisogeza. Nikamwomba seremala anichongee mito ya kiti ya kuegemeza kichwa, mipana, yenye mabawa mawili yanayokuja mbele kidogo kando ya masikio. Ndani ya kila bawa nikaweka spika moja ndogo, nikaipaka vanishi dhidi ya chumvi, nyuma yake nikashindilia sufi tuliyoitoa kwenye mto wa kulalia, nikaivika turubai. Spika nne, viti viwili. Spika ikiwa karibu na sikio kiasi cha kiganja, haihitaji nguvu. Mwisho nikamtilia swichi kubwa nyekundu pale kwenye usukani, asitafute koleo tena maishani mwake.

Bwana Shee alisimama hatua mbili kutoka garini. "Mwalimu, hebu iwashe."

"Imewaka."

"Imewaka? Mbona siisikii?"

Akasogea, akaingiza kichwa kati ya yale mabawa, akaruka nyuma. "Kumbe mna harusi humu ndani!" Tukacheka mpaka machozi. Sikumbuki mara ya mwisho nilipocheka na watu wawili kwa pamoja.

Njia ya Siyu

Jumatano asubuhi, shule zikiwa zimefungwa, tukatoka kuijaribu. Njia ni mchanga na minazi, na gari linakwenda polepole. Mwalimu akabonyeza swichi.

Wale akina mama wa Kitui walikuwa wameketi begani kwangu. Kila pumzi niliisikia. Upepo ulipita juu yetu na haukuchukua kitu. Mwalimu alianza kuimba nao, kwanza kwa midomo tu, halafu kwa sauti, na mashavu yake yalikuwa yamelowa na hakujali kuyafuta. Mimi Kikamba sikijui, lakini nilifurahi kama mtu aliyeambiwa habari njema.

Tulipokuwa tukirudi, karibu na mashamba, kulikuwa na mwanamke mmoja amesimama kando ya njia upande wa kulia. Niliuona mwamvuli ukiinuliwa. Niliuona mdomo ukisogea. Nikadhani anajikinga jua, na anasema na mtu aliye nyuma yake shambani. Niseme kweli yote: sikufikiria sana, kwa sababu nilikuwa nikisikiliza sauti ya dada mmoja wa kwaya ambayo ilikuwa kali kiasi cha unywele, na nilikuwa nikipima niipunguze wapi. Mwalimu alikuwa amefika ubeti wa mwisho, macho yake mbele. Tukapita.

Adhuhuri ilipokwisha, Bwana Shee akaja. Hakuketi.

"Mwalimu, leo umenitia aibu mimi jirani yako."

"Kwa nini, Bwana Shee?"

"Bi Zuhura. Miezi sita mwanamke yule haneni nawe. Yeo, mbele ya watu, amesimama ndiani, ameinua mwamvuli, amekuamkua. Sabalkheri, Mwalimu. Mara mbili! Wewe umempita na fundi wako, mato mbee, hukugeuza hata shingo, kama hukumuona."

Mwalimu akanigeukia. "Ulimwona mtu?"

Ningeweza kusema sikumwona. "Nilimwona," nikasema. "Nilimwona akisema. Sikujua kwamba anasema na sisi."

Bwana Shee akatikisa kichwa, akaenda zake. Kule kwao jeneza kupishana na wimbo ni ajali, na ajali humpata yeyote. Salamu ya mtu mzima ikiachwa ianguke chini ni jambo jingine kabisa.

Mwalimu hakunilaumu. "Kazi yako ni nzuri sana, fundi," akasema. "Hapo ndipo shida ilipo." Akatoa ile fomu chini ya kopo, akaijaza kwa mwandiko wake wa ubaoni, akaitia katika bahasha, akanipa niipitishe ofisini Mokowe kwa kuwa njia ni yangu. Alasiri yote alikaa akisahihisha madaftari, na mimi nikakaa barazani kwake. Niliwaza nyumba yangu na redio inayoongea na viti. Niliwaza Nekesa, mara ngapi alisimama mlangoni mwa karakana akasogeza mdomo, nami nimeinamia spika nikinyanyua kidole kimoja kumwambia angoje. Nilihisi vibaya, ndugu zangu. Nilihisi vibaya sana.

Alhamisi, kwenda botini

Niliamka mapema, nikachukua bisibisi. Kiti cha abiria nilikitoa spika zote mbili. Kwenye kiti cha dereva nilichana turubai la upande wa kulia, nikang'oa spika, nikakata lile bawa kabisa kwa msumeno. Kisha nikaunganisha nyaya ili sauti za pande zote mbili zitoke katika ile moja iliyobaki kushoto, asipoteze mwimbaji hata mmoja. Ilikuwa kazi ya dakika chache, na kila dakika iliniuma. Mjenzi anayebomoa ukuta alioujenga jana atanielewa.

Mwalimu akatoka na kikombe cha chai. "Umeiharibu."

"Nimeiharibu. Kushoto ni kwaya yako. Sikio la kulia liachie watu."

Akaketi, akawasha, akasikiliza akiwa ameinamisha kichwa upande. "Ni nusu," akasema.

"Ni nusu."

Tukapanda kwenda ufukweni, mimi na sanduku la vifaa mapajani, bahasha mkononi kwa sababu begi lilikuwa limejaa. Hatukufika mbali. Penye kona ya kutokea mji alikuwa anakuja Bi Zuhura na mwamvuli wake na kikapu, akielekea shambani.

Mwalimu akabonyeza swichi nyekundu, akasimamisha gari, akashuka. Akasimama mchangani mikono imeshuka ubavuni kama mwanafunzi.

"Sabalkheri, Bi Zuhura."

Alipita. Hatua tatu, nne. Akasimama bila kugeuka.

"Sabalkheri ya yeo, au ya yana?"

"Ya leo na ya jana, zote mbili," Mwalimu akasema. "Na ya siku ile nyingine. Jana sikukusikia, nilikuwa na kitu masikioni. Siku ile sikujua kama kuna msiba. Nilitaka kuja kukuomba radhi, ukawa uko edani. Ulipotoka nikaona haya. Nimekosa, mama."

Akageuka sasa. Alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, mwenye macho ya mtu asiyedanganywa kwa urahisi.

"Siku ile nalijua hukujua," akasema. "Omari angecheka. Lakini mimi nimekaa ndani miezi minne na siku kumi, Mwalimu, dirishani. Nasikia punda, nasikia pikipiki, nasikia wana wakitoka chuoni. Nikanena, Alhamisi itapita gari la Mwalimu na makelele yake, nitajua ulimwengu ungalipo. Likaja likipita kimya kama mwizi. Alhamisi zote. Nikanena, basi, mtu huyu anikimbia mimi na msiba wangu."

Nilitazama mikono yangu. Fundi aliitwa kutoka Nakuru, mabasi mawili na boti moja, ili kuifungia ndani sauti ambayo mtu alikuwa akiingojea dirishani.

Bi Zuhura alikuwa amekwisha kufika upande wangu. "Na huyu?"

"Ni fundi wangu. Namfikisha botini."

Akanitazama juu hadi chini. "Boti iko papo, na mayi hayajajaa. Miguu anayo."

Nikashuka. Akakiangalia kiti kilivyojaa sufi na vumbi la msumeno wangu. "Nipa karatasi hiyo, niikalie. Buibui langu jipya."

Alikuwa anainyoshea mkono bahasha. Nikamtazama Mwalimu. Mwalimu akaitazama bahasha, akamtazama Bi Zuhura, akaniambia polepole, "Mpe, fundi."

Nikampa. Akaitandika kitini kwa kiganja, akaikalia, akafunga mwamvuli, akaweka kikapu miguuni. "Haya," akasema, "na hilo dude la nyuma ya kichwa ni la nini?" Mwalimu akazunguka mbio kuingia upande wake. Nilikuwa nimelala nyumbani kwake siku nne na kula chakula chake, na alisahau kuniaga. Sikumlaumu. Ningekuwa yeye ningesahau pia.

Gari likageuza, likashika njia ya mashambani. Nilibaki pale kwenye kona na sanduku langu la vifaa, nikatega sikio, kama nifanyavyo kila kazi ikimalizika. Kigari hakina paa, na upepo ulikuwa unakuja upande wangu. Niliona kichwa cha Bi Zuhura kimemgeukia Mwalimu, na cha Mwalimu kimemwinamia yeye. Sikujua kama amewasha kwaya au wanazungumza. Nilitamani kusikia hata neno moja, lakini hakuna kilichonifikia. Walipopotea nyuma ya minazi nikanyanyua sanduku, nikashika njia ya ufukweni peke yangu.